Papa Anayevuma na Wengine Wasiovuma

Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, msimu wa potwe huanza bila tangazo. Kusi likishalegea na bahari ikaingia maleleji, uduvi hukusanyika ghubani mpaka maji yakabadilika rangi. Dagaa nao huja kula, na baada ya dagaa hutokea samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Wenyeji humwita papa potwe, au potwe tu. Kenya wanamjua kwa jina la papa shilingi. Mgongo wake una madoa meupe kuanzia kichwani hadi mkiani, na kinywa chake ni kipana cha kuchujia maji, si cha kung'ata. Kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi wageni hutoka mbali kuja kuogelea naye, na vijana wa Kilindoni huwapeleka kwa mashua.

Nilifika pale nikiwa nimetoka chuoni na cheti changu cha sayansi ya bahari. Kazi niliyopewa katika timu ya utafiti ilikuwa ya kuandika. Potwe ameonekana saa ngapi, wapi, maji yakiwaje. Ana urefu gani kwa kukadiria. Ni dume au jike. Ana kovu au hana. Wengi wao walikuwa madume wachanga, kama ilivyo Mafia kwa jumla. Majike wakubwa wenye mimba hawaonekani pale, na ni mahali pachache sana duniani wanapoonekana. Jike mmoja aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995 alikutwa na vitoto takribani mia tatu tumboni, na mpaka leo sehemu kubwa ya wanachojua wanasayansi kuhusu uzazi wa potwe imetoka kwa samaki huyo mmoja.

Jambo la kwanza katika utafiti wa namna hii ni kumjua unayemwona ni nani. Madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine, na hayabadiliki kiasi cha kumfanya asitambulike anapokua. Kwa hiyo mzamiaji humpiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, kisha kompyuta hulinganisha picha ile na nyingine zilizokwisha hifadhiwa. Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walichapisha njia hiyo mwaka 2005, na hesabu waliyoitumia ilikuwa imetungwa kwanza kwa ajili ya wanaastronomia, ili kutambua makundi ya nyota katika picha za anga. Nilipomweleza nahodha wetu habari hii jioni moja tukirudi, sikumwona akishangaa. Alikuwa mtu aliyekwenda Kilwa na Dar es Salaam kwa tanga tangu ujana wake, usiku, akiangalia kilimia.

"Nyota zinakujulisha ulipo," akasema. "Kama zinajua kutaja mahali, zitashindwaje kutaja mtu?"

Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza picha zimesemaje. Akitaka kujua yule mwenye pezi la mgongoni lililokatika amerudi au hajarudi. Akitaka kujua mwingine, mwenye kovu la pangaboi ubavuni, amepona vipi. Nikaanza kuona jambo ambalo darasani sikuwahi kufundishwa: watu hawaanzi kuhurumia "samaki". Wanaanza kumhurumia fulani. Wavuvi wa dagaa wa pale, ambao mara nyingine humzungushia potwe wavu kwa sababu wote wawili wanafuata dagaa walewale, hushusha ukingo wa wavu ili atoke, ijapokuwa sehemu ya dagaa hutoka naye. Nimeona wakifanya hivyo huku nahodha wao akifoka kwa hasara, lakini wavu ukashushwa.

Ikifika mwisho wa kaskazi, potwe hupotea. Kila mtu Kilindoni alilijua hilo. Mashua za wageni hufungwa, wapiga picha huondoka, na ukiuliza utaambiwa, "Wameshaondoka." Wapi? Wengine walisema Msumbiji, wengine Shelisheli, wengine bahari kuu. Sisi wa utafiti tulikuwa na jibu lilelile, ila kwa maneno ya kitaalamu. Potwe ni msafiri. Hilo halina ubishi. Jike mmoja aliyewekewa tagi ya setilaiti huko Panama mwaka 2011 alifuatiliwa kwa zaidi ya kilomita 20,000, akavuka Bahari ya Pasifiki hadi upande wa visiwa vya Mariana. Kwa nini basi wa Mafia wasiwe wamekwenda zao?

Ili kujua, hutumiwa sauti. Tagi ndogo hupachikwa karibu na pezi la mgongoni kwa mkuki maalumu, nayo hutoa mlio kila baada ya muda, mlio wa juu mno kiasi kwamba sikio la binadamu haliusikii. Vinasa sauti hufungwa chini ya bahari sehemu mbalimbali. Samaki akipita ndani ya mita mia kadhaa, kinasa huandika ni tagi namba ngapi, siku gani, saa ngapi. Hakitumi habari popote. Lazima mtu ashuke akakifungue, akilete juu, aunganishe na kompyuta, kisha akirudishe.

Kazi hiyo tulikuwa tukiifanya wakati wa maji mafu, maana bamvua linapovuta, mkondo unakubeba na mtungi wako. Unashuka kwa kamba, maji yana tope la mto Rufiji, unapapasa kuliko kuona. Kinasa unachokikuta si kile ulichokifunga: kimeota magamba, majani na vidudu vya kila namna, na inabidi ukikwangue kwa kisu ndipo uone maandishi yake. Mara nyingine hukikuti kabisa, kimekwenda na nanga ya mtu. Nilikuwa sipendi kazi ile ya baridi na giza. Lakini sijapata kufanya nyingine iliyonipa maarifa mengi zaidi kwa siku moja.

Matokeo ya utafiti wa vinasa vya Mafia yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Biology Letters. Potwe wengi hawakuwa wameondoka. Miezi ile watu walipokuwa wakisema wamekwenda Msumbiji, tagi zao ziliendelea kusikika palepale Mafia, mwaka mzima. Walikuwa wamesogea mbali kidogo na ufukwe na kushuka kwenye maji ya kina zaidi, ambako hakuna mashua ya mgeni inayopita kuwatafuta. Sisi ndio tuliokuwa na msimu.

Nahodha alinyamaza kwanza niliposimulia. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika pembeni mwa daftari, nje ya safu za takwimu: "Basi miaka yote tulikuwa tunapita juu yao."

Umuhimu wa jambo hili haumo katika mshangao unaoleta. Kama potwe ni mpita njia, wajibu wa Mafia kwake ni wa miezi mitano, na dhamana iliyobaki ni ya nchi nyingine. Kama ni mkazi, basi kila wavu unaotegwa, kila meli inayopita, na kila mtambo wa mafuta au gesi utakaowahi kujengwa karibu na ghuba ile unamhusu mwaka mzima. Tena kuna suala la mpaka. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania Bara, ilianzishwa mwaka 1995 na inafunika upande wa kusini na mashariki: Chole, Juani, Jibondo na miamba yake. Waliouchora mpaka ule walikuwa wanalinda matumbawe, na walifanya jambo kubwa. Lakini Kilindoni, mahali potwe anapokula, iko upande wa pili wa kisiwa, nje ya mstari. Mpaka ulitangulia, maarifa yakaja baadaye. Bahari nyingi duniani zimehifadhiwa hivyo.

Wahenga walisema, avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Nilikulia pwani na nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utoto, lakini niliihisi kwa uzito wake siku nilipohamishiwa kwenye kazi ya diko, mahali mashua zinaposhusha samaki.

Kazi ilikuwa ileile ya daftari, ila sasa mashua zilizokuwa zikiingia alfajiri zilitoka kwenye jarife. Jarife ni wavu wa macho makubwa, hutegwa jioni na kuvutwa kabla ya jua. Hulengwa kwa samaki wakubwa: papa, taa, nguru, jodari. Hapa hapakuwa na mgeni mwenye kamera. Papa walitupwa mchangani, wakapigiwa mnada, wakakatwa mapezi, wakagawanywa. Mapezi yana mnunuzi wake na safari yake ndefu ya kwenda Asia. Nyama hubaki kwetu: mbichi kwa mchuzi wa nazi, au ikatiwa chumvi na kuanikwa. Pwani nzima ya Waswahili imekula papa mkavu kwa karne nyingi. Majahazi ya Waarabu yalikuwa yakimleta kwa kaskazi. Na mafuta ya ini lake, sifa, ndiyo yaliyopakwa majahazi yenyewe yasioze. Kwa hiyo anayekuja diko na kusema papa asiliwe anazungumza na watu ambao chakula chao, dawa ya vyombo vyao na ada ya shule ya watoto wao vimetoka kwa papa. Mimi sikusema. Niliandika.

Nilichoandika kilinitia hofu. Siku nyingi vilikuwemo vitoto vya pingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo, vya urefu wa mkono tu, vingi kwa mara moja, vimeunganishwa kwa ukili kama mafungu ya mboga. Walikuwemo wale samaki wenye umbo la nusu papa na nusu taa, ambao mapezi yao yana bei kubwa kuliko ya papa wengi. Karibu aina zao zote ziliwekwa mwaka 2019 katika daraja la hatari ya juu kabisa ya kutoweka, hatua moja kabla ya kwisha porini, na biashara yao ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka huohuo. Pingusi mwenye kichwa cha mawimbi, ambaye ndiye mzazi wa vile vitoto, yumo katika daraja hilohilo. Potwe, pamoja na sifa zake zote, yuko daraja moja chini yao. Papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno pande mbili, sikumwona hata mmoja. Wazee wa diko waliweza kunichorea mchangani. Vijana waliokuwa wakivuta jarife lilelile walikuwa hawajui anafananaje.

Asubuhi moja walimpasua mmoja wa wale nusu papa nusu taa, jike kubwa, na vitoto vikaanguka mchangani vikiwa hai. Kijana aliyeshika kisu alisita. Akavikusanya kwenye beseni, akaenda navyo hadi maji ya kiunoni akavimwaga. Sidhani kama viliishi. Aliporudi akaniambia, bila mimi kumuuliza, "Tungejua ana mimba tungemwachia kulekule." Nikamuuliza kulekule ni wapi. Akanitajia mahali, kina cha maji, na miezi ambayo majike wa namna ile hunasa kwa wingi. Aliyajua yote. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa ajili ya kuyaandika.

Takwimu nyingine sikuipata kwa kupima. Ilitoka kwa mama mmoja anayeuza papa wa chumvi, ambaye kila asubuhi nilimwamkia kabla ya kukaa chini ya mkungu wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Andika na hili," akasema siku hiyo. "Zamani papa mmoja nilikuwa namkata, nawagawia wateja mpaka namaliza siku. Sasa kila mteja anaondoka na papa wake mzima."

Hakuna grafu iliyowahi kunieleza kwisha kwa papa wakubwa kwa ufasaha huo. Nimesoma baadaye hesabu za dunia: mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, na mwaka huohuo tathmini nyingine ikaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa na taa zinakabiliwa na hatari ya kutoweka, chanzo kikubwa kikiwa uvuvi uliopita kiasi. Nikizisoma namba hizo, ninayemkumbuka ni yule mama na mizani yake.

Sababu ya kupungua kwao haihitaji ufundi mwingi kuieleza. Dagaa huzaa maelfu kwa maelfu na kukua kwa miezi. Pingusi jike husubiri miaka mingi hadi apevuke, hubeba mimba kwa karibu mwaka, na huzaa vitoto kwa makumi tu, katika maji ya kina kifupi, kwenye ghuba na midomo ya mito, hukohuko zinakotegwa nyavu za watu wasio na mashine za kuwafikisha mbali. Ukivua vitoto vyake kabla havijakua, umekula mtaji. Na wavuvi wadogo si peke yao. Meli kubwa zinazovua jodari katika Bahari ya Hindi kwa maelfu ya ndoano hunasa papa wengi mno mbali na macho ya diko lolote. Sipendi kusikia mzigo wote ukitwikwa mtu wa ngalawa kwa sababu tu yeye ndiye anayeonekana.

Nahodha mmoja wa jarife aliniuliza swali ambalo naona ndilo la haki kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii: "Potwe analetewa wazungu na setilaiti. Hawa wangu wanaletewa nini?" Nilimjibu kwamba hawaletewi kitu, kwa kuwa hiyo ndiyo kweli. Tunaojua safari zao ni wachache, na tunajua kidogo. Tagi ni ghali, na mfadhili huvutiwa na samaki mwenye picha nzuri. Papa mdogo wa kijivu anayeishi kwenye tope na kuishia kwenye chumvi hana mchangiaji.

Mfano mwingine wa upendeleo huo uko Tanga. Silikanti, samaki ambaye dunia nzima iliamini alikwisha pamoja na dinosaria, alipatikana Afrika Kusini mwaka 1938, kisha Komoro. Kuanzia 2003 na 2004 akaanza kutokea Tanzania, na kule Tanga alinaswa mmoja baada ya mwingine. Alinaswa na nini? Jarife la papa, lililotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Serikali ilitangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Habari zikaandikwa kila mahali kuhusu silikanti. Kuhusu papa ambao nyavu zile ziliwatafuta mpaka kwenye kina hicho, na kwa nini ilibidi kuwatafuta chini kiasi hicho, nilisoma machache.

Wenzangu wengine husema kwamba bila fedha nyingi hakuna kinachowezekana. Sikubaliani nao. Vijiji kadhaa vya pwani yetu vimekuwa vikifunga miamba ya pweza kwa miezi michache kisha vikaifungua, na wanakijiji wenyewe ndio wanaolinda, kwa sababu wameona pweza wakirudi wakiwa wakubwa. Hawakuhitaji kufunga bahari nzima. Walihitaji kujua mambo mawili: mahali gani, na miezi gani. Hayo mawili ndiyo utafiti wa safari za samaki unayoyatoa, na ndiyo yule kijana wa beseni aliyonitajia akiwa amesimama na kisu mkononi. Ukigundua kwamba pingusi jike huenda kuzaa katika ghuba fulani kwa miezi fulani, unaweza kuwaomba watu waondoe jarife kwa miezi hiyo tu, katika ghuba hiyo tu. Ombi la namna hiyo mvuvi anaweza kulipima na kulijibu. Ombi la "acheni kuvua papa" hana la kulifanyia.

Lakini hatuwezi kufika hapo kama katika vitabu vya takwimu papa wote wanaendelea kuandikwa "papa" na taa wote "taa". Mkusanyiko wa namna hiyo unaweza kubaki na tani zilezile miaka kumi huku ndani yake aina moja ikimalizika na nyingine ikichukua nafasi yake, na hakuna ofisi itakayogundua. Ofisa uvuvi wa wilaya, BMU ya kijiji (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi), na mwenye mnada wana uwezo wa kulirekebisha hilo mwaka huu, kwa daftari na kalamu, na kwa kutumia majina ambayo wavuvi wenyewe wanayo kwa kila aina.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa kijana anayesoma sayansi ya bahari, awe Buyu kule Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Pemba, na ambaye anangoja mradi mkubwa umwajiri. Usingoje. Nenda kwenye diko la kwenu kabla jua halijatoka. Andika kila papa na kila taa kwa jina lake, urefu wake, dume au jike, ana mimba au hana, na uulize jarife lilitegwa wapi. Fanya hivyo kusi na kaskazi, mwaka hata mwaka, na matokeo yake uwasomee wavuvi kabla hujayapeleka kwingine kokote.